Dresa Aliyeng'oa Meno Akitazama Ukuta

Tulimzika wakati wa kiangazi, ardhi ya kijiji chetu cha Kanyangi ikiwa ngumu hata vijana wakalazimika kumwaga maji kwanza ndipo sururu ziingie. Tangu siku hiyo namwona mara nyingi. Simwoni kama mzimu, maana mimi siamini hayo. Namwona vile mtu anavyoona jambo akiwa ameketi kivulini mchana, macho yamefumbuka lakini akili imekwenda mbali. Namwona amesimama kwenye ua wangu, mikono nyuma, akingoja sufuria ichemke.

Jina lake sitaliandika. Kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Dresa, kama walivyoitwa zamani wale waliofunga vidonda na kudunga sindano katika dispensari za mashambani. Wengine walikuja wakaenda, nao wakaitwa madresa, lakini ukisema Dresa bila kuongeza neno, mtu wa Kanyangi alijua ni yeye tu. Kazi yake kubwa ilikuwa meno. Na jambo la kwanza la kusema juu yake, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo, ni kwamba aliogopa damu.

Mtu aliyeogopa damu, na kazi yake ni kung'oa meno. Karibu maisha yake yote alingoja chombo ambacho kingefanya kazi hiyo bila damu. Mwishowe chombo kilikuja, na aliyekihitaji alikuwa yeye mwenyewe.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Niliolewa Kanyangi katika miaka ya sitini, na shamba la mume wangu lilipakana na dispensari. Ndiyo maana nilimjua. Mafuta ya taa yalipokwisha kwenye stovu ya dispensari, na yalikwisha mara nyingi, alikuja kwangu na sufuria yake ya vyombo. Niliiweka kwenye mafiga kando ya chakula changu. Upande mmoja pojo, upande mwingine koleo za kung'olea meno. Hakukubali kuondoka zikichemka. Alisimama akiangalia mvuke kama mtu anayemngoja mgeni kwenye njia panda.

"Dresa, kaa chini. Hazitatoroka."

"Najua hazitatoroka, mwaitu. Mimi ndiye ninaweza kutoroka." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, ndivyo alivyoniita.

Alikuwa na desturi moja ambayo watu wa Ikutha, alikofanya kazi kabla ya kuja kwetu, wanaikumbuka mpaka leo. Kabla hajaingiza kidole kinywani mwa mtu, alisema, "Hodi." Na hakuendelea mpaka ajibiwe. Sasa wewe umeketi pale, mdomo wazi, shavu limevimba, unamjibu vipi mtu, "Karibu"? Ilitoka sauti kama ya ndama. Waliokuwa kwenye benchi nje walicheka, na mwenye jino naye akacheka, na mwili ukalegea kidogo. Nadhani hicho ndicho alichotaka, lakini nilipomwuliza alinitazama kwa mshangao. "Kwani wewe unaingia nyumba ya watu namna gani?"

Ukutani alikuwa na kalenda kuukuu ya duka la mbegu, yenye picha ya ziwa na milima yenye theluji nyuma yake. Mwaka wa kalenda ile ulipita, ukapita na mwingine, hakuitoa. Alidunga ganzi, akashika koleo, akasema, "Unaona ziwa lile? Twende pale kidogo." Ulipotazama ziwa, naye alikuwa analitazama. Jino lilitoka wote wawili mkiwa kwenye maji yale ya buluu. Watu walisema Dresa anang'oa kwa kusikia, kama fundi wa redio asiyehitaji kuifungua. Mimi nilitolewa gego hapo. Nakumbuka ziwa kuliko ninavyokumbuka maumivu.

Sababu ya kutazama ukuta aliniambia mara moja tu. Alipokuwa bado mgeni kazini kule Ikutha, siku ya soko la mbuzi, alimng'oa jino mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. Jino lilitoka bila shida. Damu ikakataa kukoma. Aliikandamiza kwa pamba tangu watu wakileta mbuzi hadi wakiondoka nao, na mtoto mgongoni alilia, akanyamaza, akalia tena. Daktari hakuwepo karibu. Jioni damu ilikoma yenyewe, mama akainuka akaenda nyumbani. Hakufa. Dresa alilisema hilo mara mbili, kwamba hakufa. Lakini alisema pia kwamba tangu jioni ile, kila akiona jino mkononi mwake, haoni jino, anaona ile nguo ya mama ilivyolowa damu kifuani.

Nilimwuliza kwa nini hakuiacha kazi.

"Nani angeifanya?" alisema. "Nasaidia tu kwa sasa. Atakuja mwenye njia nzuri zaidi."

Aliamini hivyo kabisa, kwamba yeye ni wa kwa sasa. Hakuwahi kuweka kibao chenye jina lake mlangoni. Hata kiti chake mwenyewe hakununua. Alikalia debe.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alizunguka shule akiwakataza watoto peremende na miwa, akiwaonyesha namna ya kutafuna kijiti cha mswaki mpaka kiwe kama brashi, halafu akija kwangu alitia sukari kwenye chai hadi mume wangu akaangalia kando. Alikuwa mpole kwa wagonjwa, lakini mkali kwa mtu aliyefungia jino kwa uzi mlangoni na kuvuta. Alipenda kanisa, lakini alisinzia katika kila mahubiri, na kwa sauti.

Na aliheshimu meno ya wazee. Wakati ule bado tulikuwa nao, wanaume na wanawake waliochongwa meno ya mbele yakawa na ncha, kwa sababu zamani huo ndio ulikuwa urembo wa Mkamba. Meno yale yaliwatesa uzeeni. Dresa hakuwacheka wala hakuwahubiria. Mama mkwe wangu alikataa kabisa kung'olewa lake la mbele lililooza.

"Nikifika mbinguni mzee wangu atanijua na nini?" aliuliza.

Dresa alikaa kwenye debe akafikiri. "Basi tulitibu likiwa hapo hapo, mpaka lichoke lenyewe." Akamfundisha kusukutua maji ya chumvi, na akaja kumwona kila alipopita.

Kwa watoto wa upande wenye maji ya kisima kirefu, yale maji yanayotia meno rangi ya kahawia, alikuwa na neno lingine. Walicheka wakiziba midomo kwa viganja. Yeye aliwaambia, "Hayo meno ni mazima. Yamevaa tu nguo ya vumbi." Kulikuwa na wasichana walioolewa wakilirudia neno hilo.

Sasa nifike kwenye ile habari ya taa.

Katika miaka ya themanini alikuja daktari mgeni wa meno, akakaa kwetu siku chache akiwaona watu chini ya hema. Dresa alimshikia vyombo. Jioni walizungumza, na mgeni akamweleza kwamba katika nchi za mbali madaktari wameanza kukata nyama laini za mdomoni kwa mwanga. Si kisu. Mwanga mwembamba unaoitwa leza. Unapopita unakata, na hapo hapo unaiziba mishipa midogo, kwa hiyo damu inayotoka ni kidogo sana.

Dresa alikuja kwangu asubuhi yake bila sufuria. Alisimama uani akanisimulia, na alikuwa kama mtu aliyeota ndoto na anaogopa kuisema upesi isije ikavunjika. "Fikiria, mwaitu. Nyama inafunguka na kujifunga. Kama maji ukipitisha kidole."

Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Hakuwa mtu wa kushuhudia, kwa hiyo watu waliamka. Alisema Bwana asifiwe, akasema kuna mwanga unaponya mdomo bila kumwaga damu, na kwamba utafika kwetu. Akaketi. Yeye alikuwa akizungumza juu ya mashine. Kanisa lilisikia maono. Akina mama walipiga vigelegele, mchungaji akaombea mwanga huo, na pambio likaimbwa mpaka mabati yakatetema.

Jumatatu benchi la dispensari halikutosha. Nilikuwa nimepeleka sufuria nikaona kwa macho yangu. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye meno ya kuchongwa, amejifunga kitambaa taya.

"Dresa, niwashie hiyo taa yako."

"Taa gani, mwaitu?"

"Si ile ya jana. Usinifiche. Ama ni ya wazee wa kanisa peke yao?"

"Taa hiyo haijafika. Hapa niko na tochi tu ya kuangalia ndani. Inakula betri."

"Washa hiyo hiyo. Mimi sitaki koleo. Washa, nikae hapo kidogo."

Akawasha, maana angefanya nini. Bibi akafumba macho, uso wake ukatulia ndani ya duara la tochi.

"Naona imepoa," alisema.

"Haijapoa. Jino limeoza."

"Kwani jino ni lako ama ni langu?"

Akaenda nyumbani akisema amepona. Wiki hiyo watu walitoka hata vijiji vya mbali kuja kuketi mbele ya tochi ya Dresa. Wengine waliapa wamelala vizuri. Yeye alihangaika kama mtu aliyeshtakiwa. Alimng'ang'ania kila mmoja, akamwonyesha betri, akamwambia arudi ang'olewe kabla usaha haujapanda. Wengi walirudi, shavu likiwa limevimba zaidi, na yule bibi alikuwa miongoni mwao. Jumapili iliyofuata alisimama tena akasema, "Nilisema vibaya. Ni mashine, na iko ng'ambo. Jino likiuma, usiningojee mwanga. Njoo." Safari hiyo hakuna aliyepiga vigelegele.

Baada ya hapo ilikuwa utani wa soko. "Dresa, ile taa imefika mjini Wote?" Naye alijibu bila kukasirika, "Bado iko Ulaya, inavaa viatu." Lakini mimi niliona kwamba hakuacha kungoja. Akipita mgeni yeyote mwenye elimu ya hospitali, Dresa alimwuliza. Mmoja alimwambia mwanga huo hutuliza vidonda vya mdomo visivyopona, na mtu akaweza kula. Mwingine alimwambia kwamba mara nyingi hakuna haja ya kushona, na uvimbe huwa kidogo. Alihifadhi maneno hayo kichwani kama mtu anayehifadhi sauti za watoto wake walio mbali. Aliyaleta kwangu, tukayazungumza mvuke ukipanda. Nikikumbuka miaka ile, naiona kama mchana mmoja mrefu wenye mvuke.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mkewe alikuwa ameshatangulia, na mume wangu pia. Miaka ikapita, moyo wake ukaanza kusumbua, akapewa dawa ya kufanya damu isigande upesi, na akaambiwa asiiache hata siku moja. Alicheka kwa uchungu aliponiambia. Mtu aliyekimbia damu maisha yake yote sasa alikuwa anameza dawa ya kuifanya iwe nyepesi.

Kisha nyama ikamwota kwenye ufizi, karibu na meno machache yaliyobaki. Nyekundu, laini, kama tunda dogo. Kila alipotafuna ilitoa damu. Akaacha isyo, ile pure ya mahindi na maharagwe, akaacha muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, akabaki na uji. Alikonda hadi shati likawa kama limetundikwa. Hospitali walisema inaweza kukatwa kwa kisu, lakini dawa ya moyo ingebidi isimamishwe kwanza. Kuisimamisha kulikuwa hatari, na kukata bila kuisimamisha kulikuwa hatari. Alikwenda nyumbani akakaa na uji wake.

Ndipo tukasikia kwenye tangazo la kanisa kwamba kuna daktari wa meno kutoka Nairobi ambaye angekuja kwa siku chache katika hospitali ya misheni upande wa Makueni, naye angekuja na mashine ya leza. Nilikimbia kwake. Nilidhani angeruka.

Hakuruka. Alitazama uji.

"Siendi," alisema.

"Dresa, umeitangaza kanisani. Imefika, imevaa viatu, wewe unaikimbia?"

"Mwaitu, niache."

"Utakufa kwa njaa watu wakikutazama."

Kuku walipita kati yetu. "Nikienda na isifanye kazi," alisema, "nitakuwa nilikuwa nangoja nini?"

Nilimwambia tu kwamba gari la kanisa lingeondoka Alhamisi, na kwamba mimi ningekuwemo, aende asiende. Alhamisi alikuwa barabarani, amevaa koti.

Tulivuka Mto Athi, mchanga wake ukiwa mweupe na mtulivu.

Daktari alikuwa msichana wetu, Mkamba, pengine wa umri wa wajukuu wake. Alimwamkia kwa Kikamba, akamwita umau, yaani babu, akaangalia karatasi za dawa yake ya moyo, akapima damu yake kwanza. Alimweleza kila kitu kabla ya kukigusa. Dawa asiiache. Mwanga utakata na kufunga mishipa midogo kwa pamoja. Damu kidogo inaweza kutoka, hatamdanganya kwamba hakuna kabisa. Atadungwa ganzi kidogo. Atasikia harufu ya kuungua, asishtuke. Kipande kitapelekwa kupimwa, kuhakikisha si ugonjwa mbaya.

Dresa alisikiliza kama mwanafunzi. Halafu akauliza lile swali. Nilijua angeliuliza.

"Na jino? Hii mashine yako inang'oa jino?"

"Hapana, umau. Hii yangu ni ya nyama laini. Ziko nyingine zinazoweza kusafisha jino lililooza kidogo, bila ile kelele ya kuchimba, na watoto wanazipenda. Lakini jino la kung'olewa bado ni koleo na mkono wa mtu."

"Hata ng'ambo?"

"Hata ng'ambo."

Niliona kitu kikishuka usoni mwake. Sikujua ni nini. Aliegemeza kichwa akafungua mdomo.

Sote tulivalishwa miwani ya rangi, chumba kikageuka kama kilicho chini ya maji. Chombo chenyewe kilikuwa chembamba kama kalamu. Hapakuwa na mngurumo, ila mlio mdogo wa kukatikakatika, na ile harufu, kama ya kuku anayebabuliwa manyoya. Mikono ya Dresa ilikuwa imekamata kiti. Baadaye ikaachia. Haikuchukua muda hata wa kuchemsha chai.

Daktari aliweka pamba, akangoja, akaitoa. Ilikuwa na doa la waridi tu. Hakuna aliyeshona kitu. Alimwambia asukutue kwa maji ya chumvi na ale vitu laini mpaka pakauke. Majibu ya kipande yalipokuja baadaye, hayakuwa na ubaya.

Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha la gari. Nilidhani amehuzunika, kwamba ameona taa yake ni ndogo kuliko alivyoiota.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka alipokuja kwangu tena. Shavu lilikuwa limerudi mahali pake. Nilikuwa na muthokoi motoni, wenye maharagwe, umeiva vizuri. Nilimpakulia kidogo, nikamwambia ajaribu, asilazimishe. Alitia kijiko mdomoni akatafuna, macho yakiwa mbali kule kwenye vilima vilivyoanza kushika kijani. Alimeza. Akatia kingine.

"Nimekuwa nikiifikiria ile habari ya yule msichana," alisema.

"Habari gani?"

"Kwamba mwanga haung'oi jino."

"Imekusumbua?"

Alitafuna kwanza. "Unajua, mimi nilijiona miaka yote kama mtu anayeshika mlango mpaka mwenye nyumba arudi. Kila jino nililotoa, nilikuwa kama naomba radhi. Nikasema, wavumilie tu, anakuja anayeweza vizuri."

"Ndiyo. Ulikuwa ukisema hivyo."

"Kumbe kwa jino hakuna mwingine aliyekuwa njiani." Aliangalia mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto. "Kumbe ilikuwa kazi yangu."

Nilimwangalia akila. Alitafuna polepole, upande ule ule uliotibiwa, mahindi yakisikika yakivunjika, na alipomaliza alinyoosha sahani nimwongezee.